Tembo na Chura wa Kihansi: Hatari Mbili Zisizofanana

Mto Kihansi huanzia katika nyanda za juu za Udzungwa, ukateremka kwa kishindo kwenye korongo lenye maporomoko mengi, kisha ukatulia katika bonde la Kilombero. Kutoka hapo maji yake hujiunga na Mto Kilombero, na mwisho hufika baharini kwa njia ya Rufiji. Katika eneo hili linalonyweshwa na mfumo mmoja wa mito wamo wanyama wawili ambao wanasayansi wa dunia nzima wamewaandika katika orodha ya viumbe walio mashakani. Wa kwanza ni tembo wa Selous na Kilombero, ambaye dume lake likikomaa huweza kufikia uzito wa tani tano au sita. Wa pili ni chura wa rangi ya manjano asiyezidi sentimita tatu kwa urefu, ambaye makao yake yote ya asili hapa ulimwenguni yalikuwa kiasi cha hekta mbili tu, yaani ekari tano, chini ya maporomoko ya Kihansi.

Ni desturi yetu, tunapozungumza habari za uhifadhi, kuwataja wanyama wa namna hii kwa neno moja: "walio hatarini". Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba neno hilo, ingawa ni la kweli, linaficha maradhi mawili yasiyofanana. Tembo ameangamizwa na mtu aliyemkusudia. Chura ameangamizwa na watu ambao hawakuwa na habari naye. Tembo, akiachwa kwa amani, huweza kujirudishia idadi yake mwenyewe. Chura, hata akiachwa kwa amani, hawezi kuishi iwapo manyunyu yake yamekauka. Kwa ajili hiyo, ni kosa kuwatibu wagonjwa hawa wawili kwa dawa moja, na ni kosa kubwa zaidi kudhani kwamba tukimtibu mmoja tumekwisha kumtibu na mwenzake.

TEMBO: MNYAMA APUNGUAYE NA KUONGEZEKA

Historia ya tembo wa Selous na Mikumi ni mfano mzuri wa namna mnyama mkubwa anavyoshuka na kupanda. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 1976 ilikadiria tembo wapatao 109,000 katika eneo hilo. Kufikia mwaka 1991 walikuwa wamebaki takriban 22,000. Sababu yake haikuwa ukame wala ugonjwa. Ilikuwa ni bei ya pembe katika masoko ya nchi za nje, na bunduki zilizofuata bei hiyo hadi vichakani.

Mwaka 1989 hatua mbili zilichukuliwa. Hapa nchini ilianzishwa Operesheni Uhai, ambayo iliwashirikisha askari wa vyombo mbalimbali vya dola katika kuwasaka majangili. Katika jumuiya ya mataifa, nchi wanachama wa mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kwa kifupi CITES, ziliamua kumweka tembo wa Afrika katika daraja la wanyama wasioruhusiwa kuuzwa kibiashara baina ya nchi na nchi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza uamuzi huo. Matokeo yalionekana. Hesabu ya mwaka 2006 ilikadiria tembo wapatao 70,000 katika eneo la Selous na Mikumi. Hesabu za angani zina makosa yake, na tembo nao huhama. Hata hivyo mwelekeo haukuwa na shaka.

Lakini ushindi ule haukudumu. Bei ya pembe ilipanda tena, na wanunuzi wapya wakatokea mashariki ya mbali. Mwaka 2009 hesabu ilishuka hadi kiasi cha 39,000, na mwaka 2013 ikashuka tena hadi kiasi cha 13,000. Kwa nchi nzima, makadirio ya mwaka 2009 yalikuwa tembo wapatao 109,000. Yale ya mwaka 2014 yalikuwa wapatao 43,000. Maana yake ni kwamba katika muda wa miaka mitano tulipoteza zaidi ya nusu ya tembo wetu. Mwaka 2014 Pori la Akiba la Selous liliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini.

Tangu hapo juhudi ziliongezwa, wakubwa wa mtandao wa biashara ya pembe wakafikishwa mahakamani, na takwimu za Serikali katika miaka iliyofuata zilitaja tembo wapatao 60,000. Mwaka 2021 Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Maumbile, yaani IUCN, ulitenganisha kwa mara ya kwanza tembo wa nyika na tembo wa msitu katika Orodha Nyekundu. Tembo wa nyika, ambaye ndiye wetu, aliwekwa katika daraja la walio hatarini kutoweka. Tembo wa msitu wa Afrika ya Kati na Magharibi akawekwa katika daraja la walio hatarini mno.

Tuangalie sasa hesabu ndogo. Tembo jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 22, huzaa kwa kawaida mtoto mmoja, na hukaa miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo kundi la tembo, hata likipata amani na malisho tele, ni nadra kuongezeka kwa zaidi ya asilimia tano au sita kwa mwaka. Kwa kiwango cha asilimia tano, tembo 43,000 wanahitaji karibu miaka ishirini ili wafike tena 109,000. Kilichochukuliwa katika miaka mitano kinahitaji kizazi kizima cha binadamu kukirudisha. Hata hivyo kinarudishika, na hapa ndipo lilipo tumaini la tembo. Ana nchi pana, anakula majani ya aina nyingi, anaweza kutembea mwendo mrefu kutafuta maji, na akiuawa mahali pamoja huenda mwenzake akanusurika mahali pengine.

CHURA WA KIHANSI: EKARI TANO ZA DUNIA

Chura wa Kihansi hana upana huo. Wanasayansi walimpata mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa viumbe uliofanywa katika korongo kwa sababu ya mradi wa umeme ambao ujenzi wake ulikuwa umekwisha kuanza. Wakampa jina la Nectophrynoides asperginis. Neno la pili linatokana na manyunyu, na hakuna jina ambalo lingemfaa zaidi. Maji yalipoanguka kutoka juu ya mwamba yalipasuka yakawa ukungu wa matone madogo, na ukungu huo ukalowesha majani na kuvumwani mchana na usiku, mwaka mzima, bila ya kukoma. Palikuwa na unyevu usiobadilika na baridi isiyobadilika, na katika hali hiyo isiyobadilika ndimo alimojengeka chura huyu.

Maumbile yake ni ya ajabu kwa mtu aliyezoea vyura wa madimbwini. Yeye hatagi mayai majini wala hana viluwiluwi. Jike huzaa watoto walio hai, kama afanyavyo mnyama anyonyeshaye, na kila mtoto huzaliwa akiwa chura kamili mwenye urefu wa milimita tano hivi. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba kiasi kwamba watoto huonekana kabla hawajazaliwa. Vyura wa ukoo huu hawapatikani katika nchi nyingine yoyote isipokuwa Tanzania, na kuzaa kwa namna hii ni nadra sana miongoni mwa vyura wa dunia nzima.

Mradi wa umeme wa Kihansi, wenye uwezo wa megawati 180, ulijengwa kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia na ya nchi kadhaa za Ulaya. Bwawa lake si kubwa. Ufundi wake ni kutumia mteremko mkali wa mlima. Maji huchukuliwa juu ya maporomoko, hupitishwa ndani ya mwamba hadi kwenye mitambo, na kurudishwa mtoni huko chini. Mitambo ilipoanza kufanya kazi mwishoni mwa mwaka 1999 na mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakianguka korongoni yaligeuzwa njia. Ukungu ukatoweka. Mimea iliyopenda unyevu ikaanza kunyauka, na mimea ya kawaida ya nchi kavu ikaingia mahali pake.

Hatua zilizochukuliwa zilikuwa za kupongezwa, ingawa zilikuja baada ya madhara. Kiasi kidogo cha maji kiliachwa kiendelee kupita korongoni. Mabomba ya kunyunyiza maji yalitandazwa ili kuiga manyunyu ya asili, na kazi hiyo ikakamilika mwanzoni mwa mwaka 2001. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa wakapelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, ili wafugwe kwa tahadhari.

Huko korongoni mabomba yalionekana kufaulu. Mwezi Juni mwaka 2003 vyura walikadiriwa kuwa zaidi ya 20,000. Mwezi Januari mwaka 2004 walionekana watatu tu. Baina ya tarehe hizo mbili kuna miezi saba. Wachunguzi walitaja mambo yaliyogongana katika muda huo: hitilafu katika mabomba ya kunyunyizia, kufunguliwa kwa milango ya bwawa ili kusafisha matope yaliyokutwa na mabaki ya dawa za kuulia wadudu wa mashambani, na kuingia kwa ugonjwa wa ukungu wa kitridi, unaoshambulia ngozi za vyura na ambao umekwisha kuua vyura wengi katika mabara mengi. Baada ya mwaka 2005 hakuna aliyeonekana tena. Mwaka 2009 IUCN ilimtangaza kuwa ametoweka porini, na tathmini ya mwaka 2015 ilimwacha katika daraja hilo hilo.

Wale waliopelekwa ng'ambo nao walipata taabu. Walipungua hadi chini ya mia moja, kabla wafugaji wa Bronx na wa bustani ya Toledo hawajaelewa vema mwanga, chakula na unyevu uliowafaa. Walipoelewa, vyura walizaana kwa maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini na kupokewa katika maabara maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2012 walianza kurudishwa korongoni. Wataalamu wengi walilihesabu kuwa tukio la kwanza la amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa katika makao yake ya asili. Ni jambo la kujivunia. Lakini tukumbuke pia kwamba kila chura aliyerudishwa anaishi kwa mabomba, na mabomba yanaishi kwa fundi, na fundi anaishi kwa fungu la bajeti.

NENO MOJA, MARADHI MAWILI

Msomaji akiwalinganisha wanyama hawa ataona mambo manne.

Kwanza, ni adui. Adui wa tembo ana mikono, ana bunduki, ana mnunuzi na ana njia ya kusafirishia mali yake. Anaweza kukamatwa. Adui wa chura hakuwa mtu mbaya; alikuwa mhandisi aliyetimiza kazi halali ya kuipatia nchi umeme, akifuata michoro iliyoidhinishwa. Askari wa wanyamapori, hata angekuwa hodari kiasi gani, hana la kumfanya adui wa namna hii. Kinga ya chura haikai ghalani pamoja na silaha. Hukaa katika ofisi ya mpango, siku ile mchoro unapokuwa bado karatasi.

Pili, ni eneo. Tembo anahitaji nafasi, na nafasi hiyo lazima iungane. Ndiyo maana ushoroba wa tembo baina ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa kutoka Selous mwaka 2019, ni suala zito kwa vijiji na mashamba ya Kilombero. Chura hahitaji ushoroba. Anahitaji ekari tano zisizobadilika. Mtu anaweza kuweka mpaka wa hifadhi kulizunguka korongo lote, akaweka walinzi kila upande, na bado chura akafa ndani ya mpaka huo kwa sababu maji yamegeuzwa kilomita kadhaa juu yake.

Tatu, ni mwendo wa wakati. Kwa tembo, kuhesabu kwa ndege kila baada ya miaka mitatu hutosha kuonyesha mwelekeo, ingawa hata muda huo uliwapa majangili nafasi. Kwa chura, hesabu ya kila baada ya miaka mitatu ni hesabu ya makaburi. Kilichotokea baina ya Juni 2003 na Januari 2004 kisingeonekana kabisa kama pasingekuwa na watu waliokuwa wakienda korongoni mara kwa mara.

Nne, ni kuzaliana. Hapa mambo yanageuka, na mdogo anampita mkubwa. Tembo huzaa polepole na hawezi kuharakishwa. Chura huzaa watoto kadhaa kwa mkupuo, hukomaa upesi, na kutoka katika mamia machache wanaweza kupatikana maelfu kwa miaka michache. Kwa tembo, basi, shida ni uzazi, wala si mahali. Kwa chura shida ni mahali, wala si uzazi. Mtu asiyeitambua tofauti hii anaweza kufurahia idadi ya vyura walio katika vyombo vya kioo, akadhani kwamba kazi imekwisha, kumbe iliyokwisha ni ile sehemu iliyokuwa rahisi.

"CHURA ANA FAIDA GANI?"

Swali hili huulizwa na wengi, na halifai kubezwa. Mtu aliyelala gizani wakati wa mgao wa umeme wa miaka ya 1990, au aliyejifungua katika zahanati kwa mwanga wa taa ya chemli, ana haki ya kuuliza kwa nini megawati hata moja ipunguzwe kwa ajili ya mnyama mdogo kuliko kidole. Katika upande wa tembo pia liko swali lake. Mkulima wa Kilombero ambaye mpunga wake umeliwa usiku mmoja hamjui tembo kama picha katika kalenda. Sheria inampa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa jamaa aliyeuawa au kujeruhiwa. Lakini majina hayo yenyewe yanakiri kwamba hayo si malipo kamili ya kilichopotea.

Jibu la kwanza ni kwamba uchaguzi haukuwa baina ya chura na umeme. Mitambo ya Kihansi inatoa umeme, na maji kidogo yanaendelea kupita korongoni. Mambo yote mawili yamewezekana. Kilichokosekana ni utaratibu wa wakati. Ujenzi ulianza mwaka 1994, chura akajulikana mwaka 1996, maji yakageuzwa mwaka 1999, mabomba yakawa tayari mwaka 2001. Laiti uchunguzi wa viumbe ungetangulia ujenzi, mabomba yangewekwa kabla ya ukungu kukatika, na gharama yake ingeingizwa katika hesabu za mradi tangu mwanzo. Badala yake ilitubidi kulipia mabomba, kusafirisha vyura, kuwafuga ng'ambo kwa miaka kumi, kujenga maabara na kuwarudisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa tulijenga ukuta, na ufa bado upo.

Jibu la pili linahusu faida yenyewe. Tembo ana faida inayohesabika: watalii huja kumwona, nao huacha fedha za kigeni. Tena katika nyika yeye ni mkulima, maana huangusha miti, hufungua malisho, huchimba maji katika mito iliyokauka na kusambaza mbegu kwa kinyesi chake. Faida ya chura wa Kihansi hatuijui yote. Lakini hakuwa peke yake katika korongo lile. Katika korongo hilo hilo umepatikana mbuni wa porini, Coffea kihansiensis, ambao haujapatikana mahali pengine. Nchi inayopata fedha kwa kuuza kahawa haifai kuambiwa kwa maneno mengi thamani ya jamaa wa mbuni wenye kustahimili mazingira yake wenyewe. Aliyekausha makao ya chura amekausha pia makao ya mbuni huo, hata kama hakuwa na habari za mmoja wala wa mwingine. Chura ni kipimo: anapokufa yeye, kitu kingine kisichopiga kelele kinakufa pamoja naye.

Jibu la tatu ni la haki. Tembo yuko katika nchi nyingi za Afrika, na tukishindwa sisi, huenda wenzetu wakafaulu. Chura wa Kihansi hakukabidhiwa mtu mwingine. Dhamana yake yote iko mikononi mwa taifa moja. Kwa kipimo hiki, yule mdogo ndiye aliye mzigo mkubwa zaidi.

YATUPASAYO

Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ina viumbe wengi wa namna ya chura huyu, waliofungiwa katika misitu iliyotengana kama visiwa. Mwaka 2005 dunia ilitangaziwa kipunji, nyani mpya aliyekuwa akiishi Rungwe na Udzungwa. Mwaka 2008 ikatangaziwa sengi mwenye uso wa kijivu, naye wa Udzungwa. Ikiwa mnyama mkubwa kama nyani aliweza kukaa hadi karne hii bila ya kuandikwa katika vitabu vya sayansi, ni vyura wangapi, konokono wangapi na mimea mingapi ambayo bado haina jina? Haiwezekani kumhifadhi asiyejulikana. Kwa hiyo yafuatayo yanatupasa.

La kwanza ni kufanya uchunguzi wa viumbe mapema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi mkubwa kuanza. Hiyo ni hatua njema. Lakini tathmini inayofanywa kwa majuma machache, katika msimu mmoja, na watu wasioweza kutofautisha chura na chura, itatimiza sheria bila ya kumwona mnyama. Katika misitu ya milimani uchunguzi lazima upitie masika na kiangazi, na uishie kabla ya kandarasi kutiwa saini.

La pili ni kuwafundisha wataalamu wa kutambua na kuainisha viumbe. Vijana wengi wanaosomea wanyamapori huvutiwa na tembo, simba na faru, wala si ajabu, maana huko ndiko kwenye magari, ajira na wafadhili. Vyuo vyetu na baraza la utafiti yafaa vitenge nafasi na fedha kwa wale watakaosomea vyura, wadudu, konokono na kuvumwani. Mtaalamu mmoja wa namna hii, akifika mahali kwa wakati, aweza kuliokolea taifa gharama kubwa.

La tatu ni kuingiza gharama ya uhifadhi katika bei ya kitu kilicholeta madhara. Mabomba ya Kihansi yanahitaji kutengenezwa kila mwaka, maadamu mitambo inazunguka. Si vema matengenezo hayo yategemee mradi wenye tarehe ya kwisha. Yafaa yawe sehemu ya gharama ya kuzalisha umeme, kama ilivyo grisi ya mashine. Vivyo hivyo, fedha za utalii wa tembo hazina budi kumfikia yule anayelala shambani akipiga debe usiku, tena zimfikie upesi na kwa kiasi kinacholingana na hasara yake. Tembo hatadumu katika nchi ambayo jirani zake wanamwona kuwa ni adui.

La nne ni kuwapima viumbe kwa vipimo vinavyowafaa. Tembo na ahesabiwe kwa ndege, pembe zifuatiliwe bandarini, na mizoga ichunguzwe. Chura na akaguliwe kila mwezi, pamoja na maji, joto na afya ya ngozi yake. Na watu waingiao korongoni wasafishe viatu na vyombo vyao, kwani ugonjwa wa ukungu huweza kubebwa na tope la buti. Mkaguzi huyo awe na mamlaka ya kupiga simu kwenye bwawa na kusikilizwa siku hiyo hiyo.

La tano ni kuwaeleza wananchi kwa lugha wanayoielewa. Watoto wetu shuleni wanamjua tembo, na nembo nyingi zina picha yake. Wangapi wanajua kwamba Tanzania ina chura azaaye watoto walio hai, na kwamba aliondoka nchini kwa ndege na kurudi kwa ndege? Ripoti juu ya Kihansi zipo nyingi, nazo zimeandikwa kwa Kiingereza na kusomwa mbali. Mwenyeji wa Udagaji au Mlimba ana haki ya kuzisoma kwa Kiswahili.

Hapana shaka tembo ataendelea kuwa alama ya uhifadhi wetu, na anastahili. Lakini mafanikio ya taifa katika kuhifadhi maliasili hayawezi kupimwa kwa tembo peke yake, kwa sababu tembo anajionyesha hata akiwa mbali, na kifo chake huacha mzoga unaoonekana kutoka angani. Chura wa Kihansi hakuacha mzoga wa kuonekana. Vyura 20,000 waliondoka baina ya Juni na Januari, na walioijua habari hiyo walikuwa watu wachache waliopanda korongoni na kusikiliza, wakakuta kimya. Kazi ya sayansi katika nchi yetu ni kuhakikisha kwamba watu wa namna hiyo wapo, wanalipwa, na wanafika kabla ya kimya hicho.